Ukoo wa Matuta Tisa

Kazi yangu ni kukaa kaunta ya mapokezi katika hoteli moja ya Al Thumama, hapa Doha, karibu na uwanja wa ndege, na kuwauliza watu majina yao. Nimeifanya kwa miaka sita. Nimewauliza waliochoka, waliogombana ndani ya teksi, waliopoteza mabegi na waliopoteza wake zao kati ya lango la ndege na lango la hoteli. Sikuwahi kulichukia swali hilo mpaka wiki waliyokuja Waholanzi.

Nawaita Waholanzi kwa sababu mudir wetu, yaani meneja, ndivyo alivyowaita. Alisema wanakuja watu thelathini na wanane wa ukoo mmoja, jina moja, kutoka pembe zote za dunia, na kwamba wamechagua Doha kwa sababu ndege za kila upande hupita hapa, hivyo hakuna atakayemnung'unikia mwenzake kwamba amesafiri kidogo. Mimi nikajiandaa kupokea wazungu thelathini na wanane warefu, wenye magoti mekundu. Nilipanga hata vitanda virefu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama kutoka Sri Lanka, amevaa sari ya zambarau. Nikamwelekeza ukumbi wa pili, kwenye harusi ya Wahindi, akaenda, akapewa sharubati na vitamu vya ladu, akarudi baada ya nusu saa akitafuna, na kuniambia kwamba watu wa ukoo wake ni wakarimu sana ila hamjui hata mmoja. Wa pili alikuwa kijana kutoka Suriname, mweusi tititi, anafanana na mjomba wangu kabisa, nami nikamsalimia kwa Kiswahili na kumuuliza yuko zamu ya nani. Wakafuata mume na mke wafupi kutoka Indonesia, ambao vitanda virefu viliwapotezea soksi. Kila mmoja aliweka pasipoti kaunta na kila pasipoti ilikuwa na jina lilelile. Kompyuta ilipofika ya kumi na mbili ikaona nafanya mchezo, ikazimika.

Jina lenyewe sitaliandika. Mwenyekiti wa ukoo, Mholanzi wa kweli huyo, mhandisi mstaafu mwenye urefu wa kunilazimisha nimtazame kwa shingo yote, alinieleza maana yake palepale kaunta huku watu saba wakisubiri nyuma yake. Nchi yao iko chini na bahari iko juu, akasema, kwa hiyo wazee wao walijenga matuta marefu ya udongo kuzuia maji yasiwaingilie vitandani. Aliyekaa kando ya tuta akaitwa wa tutani. Aliyeoka mikate akaitwa mwokaji, na mwenye nywele nyekundu akaitwa mwekundu. Wengi wakaendelea hivyo tu, kila mtu na jina la baba yake, mpaka alipokuja kuwatawala mfalme wa Kifaransa aliyetaka kila mtu aandikishwe na jina la kudumu. Wakaandikishwa. Babu yao akaandikishwa mtu wa tutani.

Kisha jina likasafiri. Mwenyekiti alikuwa amelichora kwenye karatasi ndefu kama zulia la msikitini, mishale inatoka Uholanzi kwenda kila upande. Karani mmoja wa meli alikwenda nalo Sri Lanka akaoa huko. Askari akalipeleka Java. Wakulima wakalipeleka Kanada na Australia baada ya vita, wakiwa na sanduku moja na watoto sita. Tawi la Afrika Kusini alilieleza kwa haraka na kwa sauti ndogo, akakunja mikono kifuani. Baadaye mzee mmoja wa tawi hilo, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa Cape Town mwenye rangi ya maji ya kunde kama mimi, aliniambia kwa kirefu. Kwa upande wake jina halikuja na meli. Lilimkuta babu wa babu yake akiwa kazini katika shamba la watu, hana mshahara wala ruhusa ya kuondoka, na walipomwachia huru, jina ndilo kitu pekee walichompa. Aliyasema hayo akitabasamu, kisha akaniuliza kifungua kinywa kinaanza saa ngapi.

Sasa lazima niseme hali niliyokuwa nayo wiki hiyo, la sivyo mtaniona kichaa kwa niliyoyafanya.

Nilikuwa na mchumba. Bado tulikuwa hatujamaliza kuitana hivyo mbele za watu, lakini sote tulijua. Ni mlinzi katika jengo moja la ofisi, Mkenya mwenzangu, mtu mpole hadi anakera. Kila Ijumaa tulikutana mtaa wa Najma, kwenye kafeteria ndogo yenye meza nne, tunakunywa chai ya karak na kugombania chapati ya mwisho. Tulipofikisha mwaka, akaenda nyumbani likizo, akachukua rafiki yake mmoja, wakaenda kwa baba yangu kujitambulisha.

Kwetu mgeni wa aina hiyo huulizwa maswali mawili. La kwanza, wewe ni mtoto wa nani. Hilo alilijibu vizuri. La pili, mama yako ametoka ukoo gani. Akajibu, na hapo chai ya baba ikasimama njiani. Mama yake alikuwa wa ukoo wetu. Kwetu mtu hachumbii kwa wajomba zake, hata kama ujomba wenyewe umepita milima mitatu. Wala si suala la kuzungumzika. Baba akamwekea sukari kijiko cha tatu na kumwambia kwa upendo wote, "Karibu kwa wajomba zako, mpwa wangu." Na yeye, kwa kuwa ni mpole hadi anakera, akanywa ile chai yote kama mpwa. Alikwenda mkwe akarudi mpwa, na kuku aliyempeleka akamla mwenyewe.

Tena kwa hesabu ya kwetu, binti wa mjomba ni kama mama. Kwa hiyo mtu aliyenizidi miaka mitatu alirudi Doha akiwa mwanangu. Alijaribu kunichekesha kwa jambo hilo. Akiniona natokea kituo cha metro ananiambia, "Shikamoo mama," na mimi nilitamani kumpiga na mkoba. Na baba nilimnunia. Kwa miezi mitatu tulisalimiana kwa simu kama karani na mteja, mvua imenyesha, ng'ombe mzima, haya basi. Nilimpenda yule mlinzi na nilitaka kuolewa naye, na sikuona ni kwa nini jina litamalaki maisha yangu na mimi ndiye ninayekesha kaunta kuuliza majina.

Katika hali hiyo ndipo siku ya pili ya mkutano wao nikapita mkahawani saa mbili asubuhi, nikamwona yule mwalimu wa Cape Town ameshikana mikono na mama mmoja wa Kanada. Hawakushikana kwa salamu. Walikuwa wanashikana kwa mkono mmoja mmoja na kula mayai kwa mikono iliyobaki. Mama huyo alikuwa mjane, dereva mstaafu wa basi la shule, na alikuwa amerudia jina la baba yake baada ya kumzika mumewe. Jina la baba yake ni lile lile la mwalimu. La tutani na la tutani.

Watu wa ukoo mmoja, mchana kweupe, mbele ya mtindi!

Nikajiambia ni wajibu wangu kuwaokoa. Nilijisemea mengi siku ile kuhusu mwiko na laana, na yote yalikuwa uongo. Ukweli ni kwamba niliona wivu. Kama mimi nimekatazwa kwa ajili ya jina, basi na wao wakatazwe.

Nilianza na vyumba. Nikampigia mwalimu nikamwambia kiyoyozi chake kina hitilafu, nikamhamisha kutoka ghorofa ya tatu, alikokuwa jirani na yule mama, hadi ya tisa. Akashuka kunishukuru. Alisema kule juu anaziona ndege zikitua na kwamba amemwalika rafiki yake aje kuziangalia. Nikahamia kwenye mkahawa, nikaandika vikadi vya mezani ili kila mtu akae pake, mwalimu pembeni mwa jiko na mama pembeni mwa dirisha. Nilikuwa nimeshavisambaza vyote nilipogundua kwamba vikadi thelathini na vinane vimeandikwa kitu kimoja. Wakakaa walipotaka, na wengine wakavibeba nyumbani kwa ukumbusho.

Siku ya tatu ilikuwa ziara ya jangwani. Hapo nilijiona mjanja. Magari yalikuwa sita, na orodha ya nani anakaa wapi niliiandika mimi. Mwalimu nikamweka gari la kwanza pamoja na ndugu wawili wa Australia waliokuwa hawasemezani tangu uwanja wa ndege, kila mmoja akitaka yeye ndiye aitwe tawi kubwa. Mama nikamweka gari la sita. Dereva wa gari la sita, Mganda mmoja tunayeelewana, nikamwomba awaangalie na anijulishe. Saa tano akanipigia.

"Madam, hawa wazee wako wamepanda ngamia mmoja," akasema. "Nifanye nini?"

Nikamwambia awashushe. Akaniuliza awashushe kwa sababu gani. Nikasema kwa usalama. Akasema kwamba ngamia mwenyewe anaonekana amefurahi, na akakata simu. Walirudi wote wawili kwenye gari la sita, wamejaa mchanga hadi masikioni. Yule mtetezi wa usalama, yaani mimi, nikawapokea na taulo.

Jioni hiyo mama wa Kanada akaja kaunta peke yake. Akaweka viwiko mezani, akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliorusha maganda ndani ya basi. Akaniuliza kama nampenda yule mwalimu. Akasema niseme tu wazi, maana yeye ameshazika mume mmoja na hana nguvu ya kumgombania wa pili na msichana.

Nilitamani kaunta inimeze. Ikabidi nimweleze kila kitu, kwa Kiingereza changu cha hoteli ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya taulo na nauli za teksi, si kwa miiko. Nikamwambia kwetu wenye jina moja la ukoo ni ndugu, na ndugu hawaoani, na watoto wao wanazaliwa na mikosi. Akaniambia ana miaka sabini na moja. Nikamjibu kwamba mwiko hauulizi umri. Akacheka mpaka akashikilia kengele ya kaunta, ikalia, na mudir akatoka ofisini. Mudir alipoondoka, mama huyo aliniuliza kama kuna mtu aliyenifundisha haya kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa nayasema kama mtu mwenye jino bovu. Nikamweleza habari za mlinzi, chai na vijiko vitatu vya sukari.

"Kwa hiyo unatuonea wivu," akasema.

Nikasema ndiyo. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kulitamka. Akanipigapiga mkono, akaomba mto wa ziada upelekwe ghorofa ya tisa, nami nikaupeleka mwenyewe.

Siku ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya karamu kubwa, mwenyekiti alinijia mchana akitaka kuchapisha karatasi. Uso wake ulikuwa umeshuka. Miezi kadhaa kabla ya safari aliwaomba wote wateme mate kwenye vichupa na kuvipeleka maabara, ili siku ya karamu awaonyeshe jinsi damu yao inavyokutana kwa yule babu mmoja wa tutani. Majibu yalikuwa yamefika kwa barua pepe asubuhi hiyo. Hakuyachapisha. Alinigeuzia kompyuta yake nisome mwenyewe, akaketi kwenye sofa la wageni na kulijaza.

Hawakuwa ukoo mmoja. Walikuwa koo tisa. Wa Kanada walitoka kijiji kimoja cha kaskazini, wa Australia vijiji vingine viwili, na wale ndugu wawili waliogombania kuwa tawi kubwa hawakuwa ndugu hata kidogo. Mama wa Sri Lanka alihusiana na mwenyekiti kwa mbali sana, na huyo ndiye aliyekuwa jamaa yake wa karibu kuliko wote hotelini. Mwalimu wa Cape Town hakuhusiana na mtu yeyote, na hakuna aliyestaajabu kwa hilo ila mwenyekiti.

"Matuta yalikuwa mengi," mwenyekiti akasema. "Nilipaswa kujua. Mimi ni mhandisi, nimeyakarabati mwenyewe." Popote palipokuwa na tuta palikuwa na mtu aliyekaa kando yake, na karani alipopita kuandikisha, kila mmoja alijibu kilichokuwa mbele ya macho yake. Akaniuliza afanye nini, awaambie au anyamaze. Mimi nilikuwa nafikiria mambo yangu mwenyewe. Nikamwambia awaambie wote leo hii, tena kwa kipaza sauti.

Aliwaambia baada ya supu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kisingizio changu kikiwa orodha ya mizigo. Alisoma jina kwa jina na tuta kwa tuta hadi mwisho. Kisha mama wa Sri Lanka akauliza kama kondoo bado atakuja. Hapo ndipo fujo ikaanza. Mmoja wa wale wa Australia alisimama akadai arudishiwe msamaha aliolazimishwa kuomba jangwani, kwa kuwa aliuomba kama ndugu. Kijana wa Suriname alitaka kujua kama bado ni lazima awaite wale akina mama wote shangazi, maana alikuwa ameshaanza kuzoea zawadi. Bibi mmoja alilia kwa dhati kwa sababu alikuwa amewafumia wote soksi.

Mwalimu na mama wa Kanada wao walibusiana tu, palepale, mbele ya kondoo aliyekuwa akiingia. Mama huyo aligeuka akanitafuta kwa macho hadi mlangoni, akanyoosha vidole tisa.

Baada ya kondoo walibishana kama bado kuna haja ya picha ya pamoja. Mwenyekiti alisema si haki kuita picha ya ukoo. Mwalimu wa hesabu akasimama, na yeye alizungumza kidogo sana wiki nzima. Alisema kwamba yeye alijua tangu Cape Town kuwa damu haiko, na alipanda ndege vilevile, kwa sababu jina hilo amelibeba miaka sabini na nne na alitaka kuona watu wengine wanalibebaje. Wakajipanga. Mimi ndiye niliyepiga picha, mara nne, kwa sababu mwenyekiti kila mara alikatwa kichwa.

Ijumaa asubuhi sikungoja hata chai. Nilitoka nje ya makazi yetu ya wafanyakazi, nikasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta na kumpigia baba. Nilikuwa nimejaa hoja. Nikamsimulia habari yote ya Waholanzi, matuta, mfalme, karani, mate kwenye vichupa. Alicheka sana kwa ngamia. Nikamwambia kwa kishindo kwamba basi jina si damu, na kwamba huenda hata sisi na mama yake yule kijana hatuna damu moja, na nikamuuliza kama amewahi kufikiria hilo.

"Nifikirie nini, mama, na mimi najua," akasema.

Nikamuuliza anajua nini. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu kuzaliwa kwangu. Babu yangu hakuwa wa ukoo ule. Alikuja mwaka wa njaa, kijana peke yake, ametokea upande mwingine wa mto, na kuna nyumba moja iliyomlisha. Walimkalisha, wakamkatia shamba, na ili watu wasimfukuze wakampa jina lao, akawa mwana wa kwao. Na nyumba hiyo, baba akasema, ndimo alimozaliwa mama yake huyo mlinzi wangu.

Mimi nilipiga kelele za furaha hadi Mnepali aliyekuwa akianika nguo dirishani akanichungulia. Nikasema basi yamekwisha, hakuna damu, hakuna mwiko. Baba alisubiri nimalize.

"Mwana wa damu akiwakosea ndugu zake watamsamehe, watafanya nini naye," akasema. "Sisi tulipewa. Aliyepewa undugu hawezi kusema leo si ndugu kwa kuwa leo unamzuia. Hiyo ni kuwarudishia chakula chao kikiwa kimeoza."

Nilikuwa nimekuja na matuta tisa na yeye alikuwa na moja tu likanishinda. Nilimwambia nampenda yule mtu. Kwetu mtoto hamwambii baba yake neno hilo, na sijui lilitokaje. Alikohoa, akasema mvua inakaribia, tukaagana.

Najma siku ile nilimweleza mlinzi wangu yote bila kugusa chapati. Hakunitania. Alisema baba yangu ana haki, akageuza kikombe cha karak mezani, akasema tena kwamba ana haki, na nikaona macho yake yamelowa. Nilimkasirikia kwa upole wake, nikamkasirikia baba, nikawakasirikia Waholanzi waliokuwa wamenipa matumaini kisha wakapanda ndege na soksi zao. Tuliachana mapema. Kila mmoja alipanda metro ya upande wake, na wiki mbili hatukuonana.

Wiki ya tatu baba akapiga simu nikiwa kaunta. Hapigi kamwe saa za kazi, kwa hiyo nikadhani kuna msiba. Nikamwachia mwenzangu mteja aliyekuwa ananitajia jina lake herufi kwa herufi, nikaingia chumba cha mizigo.

Baba alisema ametoka kwenye ile nyumba. Alikwenda na kondoo. Kuna njia ya kwetu ya kukata undugu, lakini watu hawaipendi na haikuwa imefanywa pale kwa miaka mingi. Wazee wa pande mbili hukaa, kondoo hukatwa katikati, kila upande unaondoka na nusu yake, na tangu siku hiyo nyumba hizo si ndugu tena. Watoto wao wanaweza kuoana. Ila hawakai tena matanga ya wenzao, wala hawazikani. Hakwenda kuwaambia kwamba hatukuwa ndugu, alisisitiza hilo. Alikwenda kuwashukuru kwamba tulikuwa, kisha akawaomba. Bibi mkubwa wa nyumba ile alilia, akasema babu yangu alikuwa mlaji mzuri, na akachukua nusu yake ya kondoo.

Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la mtu. Niliuliza kwa nini amefanya hivyo, na majirani zake karibu wote ni wa nyumba ile.

"Kwa sababu uliniambia," akasema. Kisha akarudia sauti yake ya siku zote. "Sasa umwambie huyo mkwe wangu jambo moja. Wale vijana ambao wangenichimbia kaburi nimewaachia huru wote. Kulichimba kumebakia kwake. Ajifunze kushika jembe, huko Doha nasikia anashika redio tu."

Ijumaa nilimpa mlinzi wangu ujumbe huo, neno kwa neno, kwenye meza ileile ya Najma. Nilidhani atacheka. Aliweka chini kikombe, akafikiri kidogo, akaniuliza baba ana urefu gani.